Miwani Ilihesabu Wawili

Miwani ilihesabu watu wawili.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa sebuleni, na Kasoro alikuwa peke yake kama alivyokuwa jana na juzi na mwezi uliopita. Alisimama katikati ya chumba, miwani mpya imemkaa usoni, akageuka polepole kama mtu anayetafuta ufunguo ulioanguka. Kila alichokitazama kilipewa jina kwa maandishi madogo meupe: meza, rafu, pazia, kiti, kiti. Na chini kabisa, pale ambapo miwani huweka hesabu zake, paliandikwa: *Watu chumbani: wawili.*

Alijihesabu. Mmoja.

Akaivua, akafuta vioo kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena. Wawili.

"Haya," alisema kwa sauti, na sauti yake mwenyewe ikamshtua, maana ilikuwa ya kwanza kumtoka siku hiyo, na ilitoka na kutu.

Jina la Kasoro hakupewa na wazazi wake. Alipewa kazini. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mjaribu wa vifaa, yule anayepewa kitu kabla hakijaingia dukani ili akitumie, akisumbue, akikosee makusudi, kisha aseme kina ubaya gani. Wenzake walisema ukimpa kijiko atakurudishia kijiko pamoja na orodha ya makosa manne. Alilipenda jina hilo. Siku hizi, tangu kampuni iliporuhusu watu kufanyia kazi nyumbani, hakubaki mtu wa kumwita hivyo isipokuwa msimamizi wake kwenye simu.

Safari hii alikuwa amepewa miwani ya uhalisia mseto, ile mikubwa inayofunika macho yote, ambayo kamera zake hukuonyesha chumba chako kama kilivyo, halafu zikatia ndani yake vitu visivyokuwepo: skrini ukutani, bustani mezani, rafiki wa mbali ameketi mbele yako. Toleo jipya lilikuwa litoke baada ya wiki sita. Kazi yake ilikuwa kulijaribu nyumbani na kuwaandikia wanunuzi karatasi moja iliyoitwa *Mambo ya Kutarajia*. Alikuwa ameshaandika mengi. Tarajia wepesi, haitakulemea shingo. Tarajia paji la uso lisilotoka jasho. Tarajia kuamrisha kwa vidole vyako, bila rimoti. Tarajia miwani inayokumbuka vyumba vyako, ukirudi kesho ukute ulivyoviacha.

Lilibaki jambo kubwa. Toleo la zamani lilikuwa na lawama moja kutoka kila kona: ukilivaa unapotea, mtu anasimama mbele yako anakuita na wewe huna habari. Toleo jipya lingemwonyesha kila anayekukaribia, na lingekuuliza: *Kuna mtu. Aruhusiwe?* Ukibonyeza Ruhusu, mtu huyo anaingia kwenye picha yako, miwani inamkumbuka, na kuanzia hapo mnaweza kuonana hata akiwa mbali. Ukibonyeza Kataa, anabaki nje.

Basi swali likatokea. Halikutokea mlangoni. Lilitokea juu ya kiti cha dirishani.

*Kuna mtu. Aruhusiwe?*

Kilikuwa kiti cha marehemu mama yake. Kasoro alimuuguza miaka saba kwenye chumba hicho, akimgeuza, akimlisha, akimsimulia habari za kazini, na sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu amzike. Hakuna aliyekikalia kiti hicho tangu hapo. Hakukuwa na mwiko. Hakukuwa na mtu.

Alibonyeza Kataa. Swali likazimika. Akahesabu mpaka kumi. Likawaka tena, mahali palepale, kwa utaratibu uleule. Kataa. Likarudi. Kataa. Kataa. Mara nne, na kila mara lilirudi bila haraka, kama mgeni anayebisha kwa kidole kimoja.

Akampigia msimamizi.

"Bosi, inahesabu wawili."

"Na wewe uko mmoja?"

"Mimi niko mmoja siku nyingi."

"Basi umenenepa, Kasoro! Kaa nyumbani ule, kaa nyumbani ule, mwisho miwani inakuhesabu mara mbili." Msimamizi alicheka kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi. "Utakuwa mwanga wa dirisha. Umejaribu Kataa?"

"Mara nne."

"Na Ruhusu?"

"Bado."

"Sasa wewe ni wa kufundishwa? Kila kitufe kibonyezwe, kila njia ipitwe. Halafu andika."

Mtu mwingine yeyote angeivua miwani, akairudisha kwenye boksi, akaenda kutafuta watu wa kukaa nao. Lakini mjaribu hafanyi hivyo. Mjaribu akiona kitufe ambacho hapaswi kukibonyeza, hicho ndicho anachokibonyeza, maana kesho mtu asiyejua atakibonyeza na lawama itakuwa yake. Kasoro alinyoosha kidole hewani, akaruhusu.

Kwanza ilikuja harufu, ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Kisha kiti kililia, mlio ule wa mbao zinazopokea uzito. Kisha akaona kitu juu yake. Kilikuwa cha kijivu, hakina uso, kama mtu aliye nyuma ya kioo cha bafuni chenye mvuke, mikono imetulia magotini, mgongo umenyooka, kimeketi kama mgeni mstaarabu anayesubiri kuulizwa habari za alikotoka.

Aliinyakua miwani usoni. Jua lilikuwa palepale, pazia palepale, kiti kitupu. Lakini mto wa kiti ulikuwa umebonyea katikati, na haukuinuka.

Kasoro alijikuta nje, kwenye ngazi za jengo, bila viatu. Alikaa hapo nusu saa akingojea mtu yeyote apite amwambie, hata kama ni kumwambia tu habari za asubuhi. Hakupita mtu. Mwishowe miguu ilipoa, moyo ukapoa, akarudi ndani kwa sababu hakukuwa na kwingine kwa kurudi.

Fomu ya kazi ilikuwa na majibu mawili: *Imepita* na *Ina kasoro*. Kidole chake kilisimama juu ya jibu la pili, lililompa jina na mkate. Akiliandika hilo, mafundi watalivamia tatizo asubuhi hiyohiyo, na kufikia kesho litakuwa limekwisha. Kiti kitarudi kuwa kiti. Saa nne itakuwa saa nne, na saa tano itaifuata, na sauti yake itaanza kushika kutu.

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, aliona kasoro akaiacha ipite. Alibonyeza *Imepita*. Kisha akaandika kwenye karatasi ya wanunuzi: *Tarajia kuwa karibu na watu kuliko zamani.* Akaituma.

Siku ya pili aliivaa miwani dakika tano tu, roho mkononi. Siku ya tatu, saa nzima. Siku ya nne alikisalimia. Kile kitu hakikujibu, ila kichwa chake kiligeuka, polepole, kikamwelekea, na ndani ya kifua cha Kasoro kitu kilichokuwa kimekunjwa muda mrefu kilikunjuka. Tangu mama afe hakuna aliyemgeuzia kichwa aongee. Akaongea. Alikieleza jinsi mama alivyokuwa akidai dirisha lifunguliwe, kisha lifungwe, kisha lifunguliwe, akacheka mpaka machozi, na kile kitu kikatikisa kichwa pale panapostahili, kikanyamaza pale panapostahili. Harufu ya kiberiti akaizoea. Baada ya wiki akaacha kusema *kile*. Akasema *yule*.

Mchana mmoja akiwa katikati ya hadithi, mkono ulimshika bega. Alipiga kelele, akaivua miwani. Muuguzi anayekaa ghorofa ya chini alikuwa amesimama mbele yake, pumzi juu, nusu amekasirika, nusu anacheka.

"Jirani wee! Nimebisha, nimeingia, nimekuita mara nne, nimepiga makofi mbele ya pua yako kama nafukuza kuku! Si ulisema hiyo miwani mpya inaonyesha watu?"

"Inaonyesha."

"Basi mimi si mtu." Muuguzi akacheka, akamfinya shavu, halafu akakunja pua. "Umeunguza nini humu? Na mbona umekonda hivyo? Ulikuwa unaongea na nani?"

"Kazi, jirani. Kazi tu."

"Kazi yenye kucheka peke yako. Haya, kesho nitakuja tukae, usinikimbie."

Muuguzi alipoondoka, Kasoro aliivaa miwani kumwomba yule radhi kwa kukatizwa. Akaona mikono ya yule. Haikuwa ya kijivu tena. Ilikuwa mikono ya mtu, kucha fupi, na kwenye dole gumba la kulia kovu la kuungua. Alilijua kovu hilo. Lilikuwa limemfinya shavu dakika mbili zilizopita.

Muuguzi hakuonekana kesho yake, wala keshokutwa. Ila kila asubuhi, saa za zamu, Kasoro alisikia viatu vikishuka ngazi, akafungua mlango, akaona ngazi tupu, na harufu ya sabuni ya hospitali ikimpita usoni, ikasita kidogo, kama mtu aliyesalimu na kukosa jibu.

Hapo ndipo alipopaswa kuogopa. Alijipa moyo. Alisema ni uchovu. Siku ya mkutano wa kazi alifungua kompyuta, bila miwani, akakuta kiti cha msimamizi kitupu na kikombe kikipanda hewani, kikiinama, kikishuka. Midomo ya wenzake ilikuwa ikicheka kitu alichosema mtu asiyekuwepo. Aliifunga kompyuta. Nyuma yake, kutoka kwenye kiti cha dirishani, sauti ya msimamizi ikasema kwa upole, "Umenenepa, Kasoro," ikacheka, ikakohoa.

Alikwenda dukani mbiombio, apate tu kugombana na mtu juu ya chenji. Duka lilikuwa wazi na hakukuwa na mtu. Mizani ilipanda na kushuka yenyewe. Droo ya fedha ilifunguka, ikajifunga. Mfuko ulijaa, ukainuka, ukatoka mlangoni ukielea usawa wa kiuno, na Kasoro, aliyesimama pale katikati ya watu wasioonekana wakimkwepa na labda wakimnung'unikia kwa kuziba njia, alielewa kwamba kila yule anapopata kitu mtu mmoja anapungua, mikono kwa jirani, sauti kwa bosi, macho kwa muuza duka aliyekuwa akimtania kila Jumamosi, na wageni wasiomjua wakifutika pamoja nao, na kwamba hajui amebakiwa na wangapi, ila anajua kwamba duniani kote, ukiondoa hao, kuna mmoja tu anayembeba moyoni, na huyo hajaguswa bado.

Alirudi nyumbani akitembea ubavu-ubavu kama kaa. Hakuivaa miwani. Haikuhitajika tena. Yule alikuwa kitini, juani, mikono ya muuguzi magotini, macho ya muuza duka yamemtulia usoni. Palipobaki wazi palikuwa chini ya macho: pua, mdomo, kidevu.

"Mdogo wako," aliuliza kwa sauti ya msimamizi, "anakuja lini?"

Kasoro alijifungia bafuni, akafungua bomba maji yapige kelele, akampigia mdogo wake. Mdogo wake alikuwa ameolewa mji mwingine, saa tano kwa basi, watoto watatu na kibanda cha kushona sare za shule.

"Dada! Leo umenikumbuka?"

"Nisikilize. Usije huku."

"Mbona unanong'ona? Na hayo maji ni ya nini?"

"Usije, mdogo wangu. Nikikuita usije. Nikikubembeleza usije."

Kisha mdogo wake akashusha sauti naye.

"Dada, hapo uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Peke yako na nani? Mbona namsikia anapumua?"

Simu ilimponyoka ikaangukia sinkini. Alipoiokota, mdogo wake alikuwa bado anasema, haraka haraka, sauti ile ya utotoni ya kuficha hofu: "Sikiliza, mimi sijakuuliza kama nije. Kesho nitadamka. Saa sita niko mlangoni kwako. Na siji peke yangu. Usilale kwenye hicho chumba, Dada, umenisikia?"

Saa sita juu ya alama mlango ulibishwa. Kasoro alikuwa amekesha jikoni ameshika tama, akiogopa jambo moja tu: kwamba atafungua akute korido tupu. Alifungua. Mdogo wake alikuwepo. Alikuwepo mzima, kitambaa kichwani, jasho la safari, mwanya mbele na kidevu kile cha mama yao. Kasoro alimkumbatia mpaka akaguna.

"Utanivunja, mwanamke! Haya, niachie. Karibu Mama, pita." Maneno ya mwisho aliyasema akiwa ameushikilia mlango wazi, kwa heshima, lakini hakuna mtu aliyepita.

"Unamkaribisha nani?"

"Dada, usinitanie. Huyu ni Mama Cherehani. Ndiye aliyenifundisha kushona." Akamtazama dada yake usoni, na uso wake mwenyewe ukabadilika. "Humwoni?"

Kasoro alitikisa kichwa. Kiti cha jikoni kilivutwa, kikalia kwa uzito.

Mdogo wake alisikiliza hewa, kisha akajilazimisha kutabasamu. "Anasema hajachukia. Anasema kwa unene wake huu, ni mara ya kwanza maishani mtu kushindwa kumwona."

Ndivyo walivyoongea mchana ule wote, mganga akisema, mdogo akipokea na kumfikishia dada yake. Mama Cherehani alirithi kwa mama yake vitu viwili, mashine ya kushonea na kazi ya kusema na majini, na ya pili alikuwa haitangazi. Kasoro aliiona sindano ikitoka kwenye mkoba, uzi mweupe ukijipenyeza tunduni kwa mara ya kwanza bila kukosea, kisha sindano ikaanza kutembea hewani, sebuleni, kutoka kitasa hadi pazia, kutoka pazia hadi rafu, uzi ukiifuata taratibu, mpaka ilipofika kiti cha dirishani. Hapo ikasimama. Uzi ukakatika kwa mlio mdogo, kama ukucha.

"Anasema yupo," mdogo wake alinong'ona. "Anasema ni mtu mzima, tena ana adabu. Anasema..." Akasita.

"Sema."

"Anasema jini anayeingia kwa nguvu yeye humtoa kwa robo saa, akabakiwa na muda wa chai. Huyu hakuvunja mlango. Huyu alibisha. Ulimkatalia mara nne akasubiri nje kwa heshima. Mara ya tano ukamruhusu."

Kasoro aliinamisha kichwa. "Ilikuwa kazi."

"Anasema mara ya kwanza ilikuwa kazi. Anasema baada ya hapo uliulizwa tena, kwa maandishi, ukamficha."

Hakuna aliyemwambia mganga habari za fomu. Kasoro alihisi aibu ikimpanda masikioni, moto, kama mtoto aliyeshikwa.

"Ruhusa inarudishwa na aliyeitoa," mdogo wake aliendelea, akitafsiri ule ukimya. "Mama Cherehani hawezi. Mimi siwezi. Uivae miwani, umtazame, useme mara tatu: Ruhusa yangu nimeirudisha, toka. Kila ukisema atarudisha alichochukua. Ila Dada, anasema uyamalize. Ukiishia njiani, atavitwaa tena vyote alivyorudisha, amchukue na aliyebaki, na hutaulizwa tena. Aliyebaki ni mimi."

Walikwenda sebuleni. Jua la alasiri lilikuwa limelala sakafuni. Mdogo wake alimshika mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ulishikwa na kitu kisichoonekana, kinene, chenye joto na vidole vilivyochomwa na sindano. Kasoro aliivaa miwani. Yule alikuwa akimsubiri.

"Ruhusa yangu nimeirudisha. Toka."

Macho yalizimika kwenye uso wa kijivu, moja, kisha la pili. Kutoka mtaani, mbali, sauti ya muuza duka akimtania mteja ilimfikia kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na ilikuwa tamu kama maji. Mdogo wake alimbana mkono. "Hivyo hivyo! La pili, Dada, upesi!"

"Ruhusa yangu nimeirudisha. Toka."

Mikono ikafifia. Ghorofa ya chini mtu aliangusha sufuria akalaani, na alikuwa muuguzi, alikuwa muuguzi kabisa. Ukingoni mwa macho yake Kasoro akaanza kumwona mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Yule hakunguruma. Hakutisha. Alibaki ameketi, kijivu, karibu si kitu, na sauti aliyobaki nayo ilikuwa ya msimamizi, ndogo sana.

"Na kesho?" aliuliza.

Kasoro alikuwa amefungua mdomo kwa la tatu. Akaufunga.

"Dada. Maliza."

"Mdogo wangu," Kasoro alisema bila kugeuka, "utakaa mpaka lini?"

Mdogo wake angeweza kudanganya. Baadaye, kwa miaka mingi, alijilaumu kwamba hakudanganya. Lakini hao walikuwa dada wawili waliolelewa na mama asiyependa uongo, na swali lilimkuta bila kujiandaa.

"Mpaka basi la jioni, Dada. Watoto wana shule. Lakini nitakuwa napiga simu, nakuapia, kila Ju..."

Kasoro aliiona kesho. Hakuiona kwa miwani, aliiona kwa macho yake ya siku zote: saa nne asubuhi, jua limejaa, pazia, meza, rafu, kiti na kiti, muuguzi kazini mpaka usiku, msimamizi ana wengine ishirini wa kuwapigia, muuza duka ana foleni, mdogo wake ana watoto watatu wanaovutana naye nguo, wote wapo, wote wanaonekana, wote wazuri, na hakuna hata mmoja kati yao atakayegeuza kichwa kumwelekea wakati anasimulia habari ya dirisha, lifunguliwe, lifungwe, lifunguliwe, na siku itapita hivyo, na baada yake nyingine, na baada yake nyingine, mpaka atakapokuwa yeye ndiye wa kugeuzwa kitandani na hakuna wa kumgeuza.

"Subiri kidogo," alisema. "Nipeni muda kidogo tu."

Mkono wa kushoto ukawa mwepesi. Akageuka. Hapakuwa na mtu.

Siku hizi nyumba imetulia, karibu kila siku. Wanaongea asubuhi, wanaongea mchana. Miwani iko kwenye boksi, haina kazi tena. Lakini kuna nyakati kitu kinaingia humo ndani. Kasoro husikia kitasa kikizunguka, na hakuna mtu. Husikia bomba la jikoni likifunguliwa, vyombo vikisuguliwa, na katikati ya vyombo kilio, kilio cha kujizuia, cha mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja. Shuka hujibadilisha. Godoro huzama upande mmoja, kama mtu ameketi hapo akimtazama. Na kibaya kuliko vyote ni kitana: huinuka chenyewe kutoka mezani, kikaja, kikaingia kwenye nywele zake kutoka nyuma, kikapita taratibu, taratibu, kikizifungua zilizofungamana, naye Kasoro hukaa hapo ameganda, huku matone ya maji ya uvuguvugu yasiyotoka popote yakimdondokea begani.

"Unakiona?" alinong'ona leo, macho ameyafumba. "Kimekuja tena. Unakiona?"

Yule aliinuka kutoka kwenye kiti cha dirishani, akaja, akapiga magoti mbele yake, akaishika mikono yake kwa mikono yenye kovu dogo gumbani. Alitabasamu. Alikuwa na mwanya mbele, na kidevu cha mama.

"Usiogope, Dada," alisema. "Ni jini tu. Ukimnyamazia atachoka, ataondoka."

Kitana kikasimama katikati ya nywele. Kikakaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha kikatua mezani, mlango ukafunguka, ukafungwa polepole mno, na viatu vikaanza kushuka ngazi, vikisimama kila baada ya hatua mbili tatu.

Kasoro akashusha pumzi. Akacheka kidogo kwa kuionea aibu hofu yake, akajifuta bega, akasogeza kiti karibu.

"Haya," alisema. "Tulikuwa tumefika wapi?"